Kaka Yangu Ndiye Aliyekosea Herufi za Bango, Sasa Anataka Mume Wangu Aombe Msamaha

...kwa hivyo admin, kama nilivyokuambia jana inbox, jina langu lifiche, lakini hasira yangu usiipunguze hata kidogo. Watu waisome yote.

Mimi ni msichana, samahani, bado sijazoea, mimi ni mke wa mtu, miaka ishirini na tano, naishi Lodwar. Nilipomaliza kidato cha nne nilianza kazi katika duka la uchapishaji la kaka yangu mkubwa. Tunachapisha mabango, kadi na programu za mazishi. Miezi minne iliyopita nilifunga ndoa kanisani na Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Jamani, mpaka leo simu yake ikiita moyo wangu unaruka kama mwana-mbuzi aliyefunguliwa asubuhi. Yeye bado anaishi kambini na kuja huku ni mpaka apate kibali, kwa hivyo siku tukiwa pamoja ni sikukuu.

Tulipendana kwa sababu ya fonti, yaani mtindo wa herufi. Msicheke. Fonti nyingi za siku hizi huja katika faili moja lenye unene wote ndani. Unavuta kidude kwenye skrini, herufi inanenepa au inakonda. Kompyuta ya mashine yetu ya mabango ni ya zamani, haielewi hayo. Ukiipa fonti ya namna hiyo, inachapisha kila kitu chembamba. Tulihangaika mpaka huyu kijana mpole akaja kuchapisha kadi za kwaya yao. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia kompyuta amri, akaandika mstari mmoja: chukua fonti hii, ikaze kwenye unene wa mia saba, na mwisho kabisa, iandikie jina jipya ndani yake. Ikatoka fonti nene, imetulia, haibadiliki tena. Akaniambia, "Dada, usisahau ile ya mwisho. Ukiacha jina la zamani, nyembamba na nene zitaitwa jina moja, na kompyuta itashika moja tu." Vidole vyake vilivyokuwa vinatembea pale! Nilijifunza amri, nikampenda mwalimu.

Kaka hakumpenda. Kila mara ni "huyo mkimbizi wako na dirisha lake jeusi." Lakini alikuwa akichungulia.

Mwezi uliopita familia moja ya Lokitaung ilileta kazi ya bango la mazishi ya mama yao, na fonti mpya waliyoichagua wenyewe. Nikasema nitaibadilisha. Kaka akanijibu, "Wewe kaa. Unafikiri ni bwana yako peke yake ana akili?" Akaandika amri mwenyewe, moja ya herufi nyembamba za maelezo na moja ya nene za jina. Kwenye laptop yake maneno yalionekana manene, akaridhika. Mashine ikachapisha, akalikunja bango bila kulitazama, likaenda Lokitaung.

Jumatatu binti wa marehemu akarudi nalo. Akalifungua kaunta mbele ya wateja. Picha ya mama ilikuwa nzuri, lakini jina lake lilikuwa jembamba hata hatua tano hulisomi. "Mama yetu mmemwandika kama uzi," akasema, macho yamejaa machozi. "Watu walikuwa wanauliza, nani huyu tunazika?"

Kaka yangu, bila hata kumeza mate, akasema, "Ni huyo mkimbizi wa dada yangu. Aliingiza vitu vyake kwa mashini yangu, ikaharibika."

Mume wangu! Aliyekuwa Kakuma mwezi mzima!

Kaka alipotoka kwenda kula nilifungua laptop yake. Dirisha lile jeusi lina kumbukumbu. Ukibonyeza mshale wa juu linakurudishia amri za nyuma moja baada ya nyingine. Nikazikuta zake mbili, ya nyembamba na ya nene, na zote hazina kile kipande cha mwisho cha jina, ndiyo maana mashine ilishika nyembamba peke yake. Nikapiga picha kwa simu. Kisha nikaandika amri ile ile na kipande chake, nikachapisha jina la yule mama kwenye kitambaa kidogo. Likatoka nene, zuri, la heshima.

Nilipomwonyesha kaka, alicheka. "Nani atasoma hizo alama zako? Sikia. Baba hayupo, boma ni langu. Hakuna ng'ombe wa harusi atachinjwa hapa mpaka huyo mtu asimame mbele ya watu wa Lokitaung akubali makosa."

Kwetu Waturkana, kanisa ni kanisa, lakini bila ng'ombe huyo mimi bado ni msichana wa nyumbani, na watoto nitakaozaa watahesabiwa wa kaka yangu. Kaka anajua hivyo.

Nikampigia mume wangu nikilia. Unajua alisema nini? "Mupenzi, acha tu. Nitaomba musamaha. Mimi nilikimbia mambo makubwa kuliko bango." Hapo ndipo nilipokasirika kabisa! Mtu mzuri hivi ainamishwe kichwa kwa uvivu wa mtu mwingine? Na mama naye ananinong'oneza, "Ukimwaibisha kaka yako kwa watu wa nje, nani atakufungulia boma?"

Wasomaji, mlioolewa na mlioachwa, niambieni. Nipeleke picha na kile kitambaa Lokitaung, kaka aaibike, ng'ombe wetu apotee? Au ninyamaze, mume wangu abebe kosa maisha yake yote, na watoto wetu wasikie baba yao aliharibu mazishi ya mtu?

Nitasoma kila jibu. Lakini wewe mpenzi wangu, najua unafuata page hii na umeshajua ni mimi. Usiende kuomba msamaha popote. Kitambaa kiko kwenye mkoba wangu, na kabla mwezi huu haujaisha utaniona mlangoni kwako Kakuma, ng'ombe achinjwe asichinjwe.