Siku Binti Yangu Alipokunywa Maji ya Vape

Binti yangu hakuwa amefikisha miaka miwili dada yangu mdogo alipotutembelea Elburgon. Dada alikuwa akivuta sigara ya kielektroniki, ile vijana wanayoiita vape, na chupa ndogo ya maji ya kukijazia kifaa hicho alikuwa ameiacha ndani ya mkoba kwenye kochi.

Nilitoka jikoni nikamkuta mtoto sakafuni, chupa mdomoni, kidevu kimelowa. Alinukia embe.

"Hii ni nini?"

Dada alishika kichwa. "Ni ya vape, ya ladha ya embe. Iko na nikotini."

Papo hapo mtoto akatapika. Udenda ukamtiririka, uso ukapauka, mikono ikaanza kutetemeka. Jirani yetu akaingia mbio na kikombe. "Mpe maziwa, mama! Ama mtie kidole kooni atapike yote!"

Nusura nimsikilize. Lakini nimefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mbao, na pale tulifundishwa kuhusu dawa za mbao: aliyemeza sumu halazimishwi kutapika, na chombo chake hubebwa hospitalini.

"Hapana," nikasema. Nilimpangusa mdomo na shingo kwa kitambaa chenye maji, nikaitia chupa mfukoni. Dada alishakimbia barabarani, amesimama mikono juu mbele ya lori la mbao.

"Pandeni!" dereva akasema, bila kuuliza swali.

Hospitalini daktari aliisoma ile chupa kwanza. "Umefanya vizuri kuileta. Kiasi kidogo tu kinaweza kumkata pumzi mtoto wa umri huu. Hata ikimwagikia ngozi, inapenya."

Wakamwekea oksijeni na dripu. Moyo wake ulienda mbio, kisha mapigo yakapungua mno mpaka muuguzi akamwita daktari tena. Dada alikuwa akilia, ameegemea ukuta. Nilitaka kumfokea, nikajikuta nimemshika mkono, kwa sababu ni yeye aliyelisimamisha lori.

Saa tisa mchana mtoto alifumbua macho, akang'oa waya wa kupimia moyo kifuani, akalia kwa sauti iliyojaa wodi nzima. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama kilio kile. Nilipiga kigelegele, na akina mama wa vitanda vingine wakanipokea.

"Huyu amepona," daktari akasema, akicheka. "Lakini analala hapa tumwangalie."

Dada alitoa kile kifaa mkobani akampa muuguzi akitupe. Hajavuta tena.

Kesho yake nilitaka kumbeba binti yangu mgongoni. Alikataa. Alipita getini kwa miguu yake mwenyewe, akila mkate.