Tisa ya Shamba la Madale

Mpaka leo nikiona jembe nakumbuka namba tisa, na ninamchukia upya mwalimu wetu wa Elimu ya Kujitegemea. Usiniambie nisamehe. Yeye hakuwahi kuniomba.

Miaka ile ya Ujamaa, alama za shamba zilijumlishwa na za darasani ndipo wastani ukapatikana. Shamba la shule lilikuwa nyuma ya madarasa, limejaa magugu. Kila Jumamosi mwalimu alitupakia kwenye lori la shule hadi Madale, tukapalilie mahindi yake mwenyewe, huku akituita wajenzi wa taifa. Jumamosi ya tatu nilishuka kwenye lori nikarudi kwetu Mwananyamala. Wenzangu wakaenda. Mwisho wa mwaka akanipa tisa kwa mia.

Katika masomo manane nilikuwa na wastani wa sitini na tatu. Tisa ile ikaushusha hadi hamsini na saba, na chuo cha ualimu kilitaka sitini. Nami ualimu niliutaka kuliko kuolewa. Nikaijaza fomu ya chuo kwa mkono wangu: sitini na tatu. Shamba nililiacha nje, maana halikuwa la shule.

Fomu ilihitaji muhuri wa balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu alikuwa mzee wa kuchungulia hadi sufuria za watu. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, akaifungua fomu pamoja na ripoti yangu ya shule, akajumlisha kwa vidole.

"Binti, shamba umelisahau."

"Sijalisahau, mzee. Lile shamba la mwalimu mwenyewe."

"Nyie mliosoma mna kiburi! Unamsingizia mtu mzima?"

Akaikata sitini na tatu kwa kalamu nyekundu, akaandika hamsini na saba. Kwenye nafasi ya tabia akaongeza: hapendi jembe. Kisha akagonga muhuri kwa raha zake.

Nilipoinuka, mkewe akatoka uani na mahindi mawili ya kuchemsha.

"Chukua, mwanangu. Mwalimu wenu katuletea gunia zima jana, kutoka Madale."

Balozi akajifanya anatafuta kifuniko cha kalamu. Nilipaswa kumtupia mahindi yale usoni. Lakini nilikuwa sijala tangu asubuhi, nikayapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikayamaliza njiani.

Chuo kilinikataa kwa barua ya mistari miwili. Hilo ni la kwao. Yale mahindi ni ya kwangu, na yalikuwa matamu.