Lori Lilipozimika Njiani Kwenda Bugomora

Mwaka nilioolewa, mume wangu alikuwa dereva wa lori la kubeba kahawa. Siku moja alitumwa kuchukua mzigo Bugomora, na tajiri wake akamruhusu atupeleke mimi na baba mkwe kwa wazazi wangu. Sikuwa nimerudi kwetu tangu harusi. Tata, ndivyo tulivyomwita baba mkwe, alikaa mbele, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kati ya miguu yake. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia matupu, maana mke wa mwana hakai bega kwa bega na baba mkwe.

Tulitoka Omurushaka mvua ikiwa imekatika. Bondeni tulipita kwenye maji yaliyofurika barabarani, na tulipoanza kupanda mlima lori likakohoa, likazimika. Mume wangu akakanyaga stata. Injini ilizunguka, haikuwaka. Akakanyaga tena na tena, hata harufu ya petroli ikanifikia kule nyuma.

"Kanyaga tu, mwanangu," alisema Tata. "Wakwe wanatungoja." Akashuka, akajaza kiko chake tumbaku, akapapasa mfukoni kutafuta kiberiti.

Mume wangu alikuwa ameweka mawe nyuma ya magurudumu na kufungua boneti. Akamwona.

"Tata, samahani. Usiwashe hapa."

"Unaniambia mimi?"

"Petroli imemwagika. Nakuomba usogee mpaka kule kwenye migomba."

Nikainamisha macho. Katika nyumba ile sikuwahi kusikia mtoto akimkataza Tata jambo. Mzee alimkazia macho, kisha akaenda kuketi ukingoni mwa shamba, ametupa mgongo.

Nilitamani mume wangu afanye haraka, aibu ile iishe. Hakufanya haraka. Alizima swichi, akasubiri upepo uondoe harufu yote. Kisha akaniita nikae kwenye usukani.

"Gia haijaingia," aliniambia. "Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema acha, toa mguu papo hapo. Mikono yangu iko karibu na feni."

Akachomoa waya wa plagi moja, akaushika kwa kitambaa kikavu, ncha yake karibu na chuma cha injini, akafungua swichi. Nikakanyaga.

"Acha. Hakuna cheche."

Akazima swichi tena, akafungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa umeme kwenye plagi, akanionyesha matone ya maji ndani yake. Nikampa kanga yangu. Alikausha kila pembe, polepole, akarudisha kifuniko. Tulipojaribu tena, cheche ya buluu iliruka na injini ikaanza kukoroma.

"Acha!" alipaza sauti, safari hii akicheka. Akarudisha waya mahali pake, nikakanyaga, lori likaunguruma.

Alikwenda kwenye migomba peke yake. Nilimwona akichuchumaa mbele ya baba yake, lakini maneno yao sikuyasikia. Walirudi pamoja. Tata akapanda, akasema, "Twende."

Kwetu tulipokelewa kwa shangwe. Jioni, nikimmiminia mume wangu maji ya kunawa, niliona mikono yake ikitetemeka. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya lile lori.

"Lori nalifahamu," alijibu. "Baba ndiye sikujua atanichukuliaje."

Mpaka siku ile nilidhani nimeolewa na mtu asiyeogopa kitu. Nilimwaga maji yaliyobaki, nikakaa karibu naye, nikaanza kumfahamu.