Pua ya Kuazima ya Bi Ohn Myaing

Watawa hawajapita bado na mabakuli yao, lakini Bi Ohn Myaing ameshabandika sufuria la tatu. Umeme hakuna, kama jana na juzi. Moshi wa mkaa unamchoma macho, naye anayafuta kwa kiwiko bila kuacha kukoroga maboga.

Anachukua chupa ya sosi ya soya, anaifungua, lakini hamimini. Anaipeleka mlangoni, ambako mzee mmoja aliyevaa msuli wa kijani ameketi juu ya kigoda.

"Haya kaka, fanya kazi yako."

Mzee anainusa chupa kwa utulivu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Soya," anasema. "Mimina."

"Una hakika?"

"Dada, mimina. Njaa inaniuma."

Bi Ohn Myaing ana umri wa miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini na saba amekuwa mpishi wa mgahawa huu wa wasiokula nyama, nyuma ya soko la maua mjini Mandalay. Mgahawa una meza kumi na moja na kibao kimoja kilichoandikwa kwa mkono: Hapa Hakuna Kilichochinjwa.

Analipwa kyati elfu tisa kwa siku. Katika miezi mitatu mitakatifu ya mvua, watu wanapoweka nadhiri za kuacha nyama, anapika sahani mia mbili kila siku. Miezi hiyo ikiisha, mji mzima unarudi kwenye nguruwe na samaki, na sahani hazifiki arobaini.

"Magoti yameisha, mgongo umeisha," anasema, akikaa chini kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Pua nayo ikaona isibaki nyuma."

Pua ilianza kumtoroka mwaka juzi. Kwanza ilipotea harufu ya majani ya chai, kisha ya kitunguu saumu, na mwisho hata pilipili inayoungua haikumshtua tena. Hakumwambia mtu. Alipika kwa mazoea, na kwa mpishi wa miaka ishirini na saba mazoea ni mengi.

Tatizo ni kwamba pua ikienda, ulimi nao hubaki na kazi ndogo. Kila siku yeye hupakua bakuli la kwanza, ambalo halionjwi na mtu, na kuliweka mbele ya sanamu ya Buddha. Baada ya hapo ndipo huonja. Ulimi wake ulimwambia kuna chumvi au hakuna. Zaidi ya hapo ulinyamaza.

Siku ya themanini na moja ya nadhiri, mchuuzi wa sosi alileta chupa zake kama kawaida. Hujaza chupa zilizokwishatumika, na moja ilikuwa imejazwa sosi ya samaki. Gizani, chupa ni chupa. Bi Ohn Myaing akaimimina yote kwenye maboga.

Kilichofuata ndicho kinachomuuma mpaka leo. Wateja walisifu.

"Shangazi, leo umepika!" mmoja alipaza sauti kutoka meza ya dirishani. "Siku zote ulikuwa unatuficha nini?" Mwingine aliomba aongezewe mara mbili. Wahudumu walirudi jikoni wakicheka, sahani zikiwa zimelambwa.

Hakuna aliyegutuka. Katika mji ambao kila jiko linanuka samaki, nani atajiuliza samaki ametoka wapi? Hata waliokuwa kwenye nadhiri, wengi wao hulala katika nyumba ambazo mke au mkwe anakaanga samaki kila jioni.

Aliyegutuka alikuwa mmoja. Mzee Nyo Maung, karani mstaafu wa reli, anaishi peke yake tangu mkewe alipofariki mwezi wa pili. Nadhiri yake ya siku tisini ilikuwa ni kumtafutia marehemu thawabu. Hajui kupika hata wali, na kila mlo wake alikula hapa.

Aliweka kijiko chini. Hakupiga kelele. Alikwenda hadi mlango wa jikoni akasema taratibu, "Dada, humu kuna samaki."

"Acha mzaha, kaka."

"Natamani ungekuwa mzaha."

Bi Ohn Myaing alimwita Swe Zin, mhudumu, ainuse chupa. Binti alinusa, macho yakamtoka. "Shangazi... wewe husikii hii?"

Mwenye mgahawa, Thuzar, aliyerithi biashara kwa mama yake, alimvuta pembeni. "Shangazi, nyamaza. Mchuuzi ndiye mwenye kosa. Sufuria tunamwaga, na hao walioshiba wameshashiba."

Bi Ohn Myaing alivua aproni, akatoka, akasimama katikati ya meza. Aliwaambia kwamba wamekula samaki, na kwamba yeye ndiye aliyempika.

Mama mmoja alilia. Kijana mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mwanamke mnene wa meza ya dirishani, yule yule aliyesifu, alimfokea: "Mpishi gani wewe usiyejua harufu ya samaki? Una pua ya udongo?"

"Ni chupa tu," Thuzar alijaribu kumtetea.

"Chupa haina pua," alijibu Bi Ohn Myaing. "Mwenye pua nilikuwa mimi, na imekufa. Nimewaficha miaka miwili."

Jioni hiyo aliaga kazi. Anakiri kwamba pamoja na aibu, alihisi ahueni. Alidhani hatimaye atalala.

Asubuhi iliyofuata aliwahi kuja kuchukua visu vyake, akamkuta Mzee Nyo Maung amekaa kwenye kigoda, mlango bado umefungwa. Mtawa alikuwa amemwambia kwamba asiyejua hana hatia, nadhiri yake ingali nzima. Yeye hakuridhika.

"Mke wangu nilimuahidi siku tisini, sio themanini na kitu halafu samaki," anasema. "Nikaanza upya. Leo ni ya saba."

"Na utakula wapi?" Bi Ohn Myaing alimuuliza siku ile.

"Kwako. Pua yangu ni nzima. Haijafanya kazi tangu nistaafu."

Alitaka kukataa. Alikuwa amechoka, na bado amechoka. Lakini alilitazama shati la mzee lenye vifungo vilivyokosea matundu, akafungua jiko.

Keshokutwa mwezi utakuwa mpevu na miezi mitakatifu itaisha. Thuzar alipanga kufunga jiko kwa wiki mbili, lakini sufuria moja dogo litabaki motoni.

"Siku tisini zake zikitimia, natundika mwiko," anasema Bi Ohn Myaing. "Nitalala mpaka jua linichome miguu. Asiniamshe mtu."

Anapakua bakuli la kwanza na kulipeleka mbele ya sanamu. Anarudi, anapakua la pili, analiweka mapajani mwa Mzee Nyo Maung, na kubaki amesimama, mwiko mkononi, akimtazama usoni.

Mzee anatafuna. Anameza.

"Maboga," anasema. "Maboga matupu, dada."

Ndipo Bi Ohn Myaing anapokaa.