Ngoie Aliyetoka Moba

Wifi yangu Ngoie alikuwa na kichwa kigumu, nasema hivyo na nilimupenda. Alikuwa mujane mwenye watoto wane, anakausha ndagala kwenye muchanga hapa Kalemie. Akisikia tu kwamba boti imeshusha muntu anayeitwa Ngoie, anawaachia kunguru samaki wake na kukimbia. Kwetu Baluba, muntu mwenye jina lako si mugeni. Ni majina wako, ni wewe mwenyewe katika mwili mwingine. Akifiwa, unalia kama umefiwa. Sawa, hata mimi Christiane nina majina wangu. Lakini si kwa kujiua, jamani!

Mwaka mumoja, nchi yetu ingali inaitwa Zaïre, kolera ilipita kando ya ziwa. Wagonjwa walilazwa katika depo moja ya mizigo karibu na bandari, na watu waliogopa kupita hata mulangoni. Munganga Célestin alitoka nje na orodha yake, akauliza nani ana ndugu aliyetoka Moba, mwanamuke, jina Ngoie. Watu wakarudi nyuma.

"Miye njo ndugu yake," wifi akajibu.

Nilimuvuta kitenge. "Unamujua wapi?"

"Ni majina wangu."

"Ni kolera! Watoto wako atalea nani?"

"Wewe," akasema, na akaingia. Haki ya Mungu, nilimutukana mpaka sauti ikanikauka.

Siku nne alimuosha yule mwanamuke, akamunywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, akamwaga ndoo zake. Mugonjwa mwenyewe hakuweza hata kusema. Mimi nilikuwa naleta uji, nauweka chini mbali na mulango, narudi mbio. Sioni haya kusema kwamba niliogopa.

Siku ya tano mugonjwa akafungua macho.

"Majina, umeamuka?" wifi akamuuliza kwa furaha.

"Majina gani, mama? Miye ni Léonie, kabila Mutabwa, natoka Mpala."

Célestin akaja mbio na fishi zake, zile karatasi za wagonjwa zinazotundikwa kitandani. Siku zile serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, basi kwenye fishi ya yule wa Moba kuliandikwa neno moja tu, Ngoie. Kwa haraka ya siku ya kwanza walikuwa wameitundika kwenye kitanda kisicho chake. Ngoie mwenyewe alikuwa kwenye kitanda cha pembeni yake. Alikufa siku ileile ya kwanza, wakamuzika bila ndugu.

Nilipofika na uji, nilimukuta wifi amekaa chini, nje, mugongo ukutani. Nikadhani sasa kolera imemushika yeye. Aliponielezea, nilipumua, hata nikacheka.

"Basi Mungu amekufungulia! Huyu si wako. Simama, twende nyumbani, watoto wanakuulizia."

Alinitazama.

"Christiane, yule wa pembeni aliniomba maji. Kikombe kilikuwa mukononi mwangu. Nilimuambia, ngoja, mama, watu wako watakuja."

Wifi aliweka mikono kichwani akalia, kilio kile cha matanga, mpaka wapakuzi wa bandari wakasimama na magunia yao. Nilikaa karibu naye. Nilimuonea huruma sana, na hasira yangu sikujua tena nimupelekee nani.

Alipomaliza, alijipangusa uso kwa kitenge na kuingia ndani. Hakwenda kwa Léonie. Alianza na kitanda cha mulangoni, alikolala muzee mumoja Mubembe ambaye hakuna aliyemujua, akamuinamia na kumuuliza kama anataka maji.

Nilibaki pale nje na sufuria yangu ya uji. Kisha nikajifunga kitenge vizuri, nikapita ule mulango, nikachukua ndoo ya kwanza niliyoikuta imejaa, huku ninamutukana wifi.