Macho Manne

Kila baada ya miaka saba yule mpiga picha hurudi kwenye chumba cha chini cha kanisa analosali Ardis, kupiga picha za kitabu cha waumini. Hana maneno mengi. Hufuta lenzi kwa ncha ya shati, hukohoa, kisha hulifungua tundu la lenzi, lile lipitishalo mwanga, hadi mwisho, maana ukutani kuna meza za kukunja na birika kubwa la kahawa, naye hataki kuviona pichani. Tundu likiwa wazi hivyo, vya nyuma vyote huyeyuka kama siagi, lakini hata watu hubakiwa na nafasi nyembamba ya kuonekana sawasawa, upana wa kidole tu; aliye mbele au nyuma ya hapo naye huwa ukungu.

Jumapili hii Ardis aliketi, na mumewe Verlyn akasimama nyuma, hatua nzima, kama kawaida ya watu wa jimbo lao la Minnesota, ambao hata wakioana huachiana nafasi ya mtu wa tatu. Mpiga picha akachungulia.

"Mama, wewe unang'aa. Mzee ni ukungu mtupu."

"Mwache hivyo hivyo," Ardis akasema. "Miaka arobaini ndivyo ninavyomwona."

"Si ulibane kidogo hilo tundu lako?" Verlyn akanung'unika.

"Nikilibana, birika nalo litaingia. Sogea, mzee. Shavu kwa shavu."

Verlyn akainama, ananukia sabuni ya kunyolea. Mpiga picha akahesabu kwa kidole: macho manne, mstari mmoja. Akabofya. Kisha akashika ncha ya shati, akaifuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi, akaifuta tena taratibu, maana picha ilikwisha pigwa na wale wawili walikuwa bado hawajatenganisha mashavu.