Ua wa Kivulini Usionyauka

Mimi mtunza bustani niliyejitapa kwamba hakuna mmea nisioujua, nichekeni taratibu.

Mama Furaha, Mkongomani anayepangisha wanafunzi hapa mtaani Glenwood, alitaka nimpandie ua mwembamba wa mimea kwenye uchochoro wake usioona jua. Kwenye nyumba ya jirani nikauona ua wa namna hiyo: kijani tupu kivulini, hauna hata jani la njano. Mashallah! Nikakata kitawi kimyakimya. Kisu kiligoma, nikasema mti mgumu huu.

Nikakipanda kwenye kopo, nikakimwagilia kila asubuhi na kukisomea dua. Wiki tatu hakikunyauka! Nikampelekea Mama, mwili ukinisisimka kwa maajabu ya Mungu.

Akakivuta kutoka kwenye udongo. Chini hakukuwa na mzizi, kulikuwa na waya.

"Kaka Hamisi, hii iko plastiki. Unaipa maji ya nini?"